Goti Liliniacha, Mpira Haukuniacha

Nimeombwa nitoe ushuhuda wangu kwa ajili ya vijana wanaocheza mpira huku kwetu Kimilili, hasa wale ambao mpira umewaumiza wakarudi nyumbani mikono mitupu. Nitausema ulivyokuwa, bila kutia chumvi. Sina gari wala nyumba ya ghorofa, na jina langu halijawahi kutajwa redioni. Nilikuwa kipa, goti likakatika nikiwa kijana wa miaka 23, na kwa muda mrefu sikujua nitakuwa nani tena. Leo ni kocha wa makipa, na mpira uleule unanisaidia kulipa karo ya watoto wangu. Katikati ya hayo kuna mkono wa Mungu, kuna mke wangu, kuna muuguzi mmoja asiyependa maneno mengi, na kuna mtu wa Bungoma ambaye sikuwahi kumpa mkono: marehemu James Aggrey Siang'a.

Nilizaliwa chini ya Mlima Elgon, ambao sisi Wabukusu tunauita Masaba, katika boma la mahindi na kahawa. Mpira wetu ulikuwa wa majuala yaliyofungwa kwa kamba, na goli lilikuwa miti miwili iliyosimikwa kwenye malisho. Niliwekwa golini kwa sababu ya kawaida: nilikuwa mrefu na sikujua kupiga chenga. Lakini ikatokea kwamba mpira ukikaribia kupigwa, mimi nilikuwa nishajua unakoelekea. Nilikuwa naangalia mguu ule wa kukanyagia, si ule wa kupiga. Hakuna aliyenifundisha. Wenzangu walidhani nabahatisha.

Babu yangu alikuwa akituambia jioni kwamba tusidhani mpira uliletwa na televisheni. Alimtaja Elijah Masinde wa hapa Maeni. Wengi wenu mnamjua Masinde kama mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, mtu aliyewakaidi Waingereza miaka ya 1940, wakamkamata, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kisha wakamweka kizuizini mbali na kwao, Lamu ikiwemo, hadi uhuru ulipokaribia. Alifariki 1987. Kabla ya hayo yote alikuwa mwanasoka. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili na akacheza katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda na kupewa jina la kampuni ya sabuni iliyotoa kombe. Babu alilisimulia hilo kwa sauti ya kujivunia, kisha akaongeza: "Mpira wake uliisha akiwa kijana. Yeye hakuisha." Wakati ule nilicheka kwa ajili ya sabuni. Maneno yale ya mwisho yalikuja kunifaa baadaye.

Nilipomaliza shule, nilikuwa nimedaka kwenye mashindano ya shule hadi ngazi ya mkoa. Mtu mmoja wa Nairobi aliyekuja kuangalia wachezaji akanipigia simu kupitia duka la jirani. Baba akauza ndama nipate nauli na buti. Timu niliyojiunga nayo siitaji, maana wengine waliokuwa viongozi wake bado wako hai na sikuja hapa kugombana. Niliahidiwa pesa za usajili, mshahara wa kila mwezi na chumba. Chumba nilipata, tukalala wachezaji sita ndani yake. Mshahara ulikuja mwezi wa kwanza, ukachelewa mwezi wa pili, baadaye ukawa posho ya nauli baada ya mechi tukishinda. Tukitoka sare tulitembea.

Hata hivyo nilikuwa na furaha. Nilidaka vizuri. Nilianza kusikia watu wasionijua wakiniita kwa jina la utani, na kocha wetu alikuwa akisema kwamba nikivumilia misimu miwili nitaitwa kwenye timu kubwa.

Ajali yenyewe haikuwa na ajabu. Ilikuwa krosi ya kutoka upande wa kulia, mvua imenyesha asubuhi, uwanja una utelezi. Niliruka, nikaushika mpira kwa mikono yote miwili, na nikiwa bado hewani mshambuliaji wao na beki wangu wakagongana chini yangu. Mguu wa kushoto ulitua katikati yao, mwili ukageuka, mguu haukugeuka. Nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu. Nilikuwa bado nimeukumbatia mpira. Refa alipoomba nimpe, sikuuachilia hadi walipoileta machela.

Eksirei ilionyesha mifupa mizima. Nikaambiwa nimeteguka tu, nikafungwa bandeji na kupewa vidonge. Lakini eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi kano, na kilichokatika kilikuwa kano ya katikati ya goti, ile inayozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele. Nilirudi mazoezini goti likiwa limepungua uvimbe, nikageuka kuufuata mpira wa chini, nikaanguka peke yangu bila kuguswa na mtu. Hapo ndipo daktari mwingine aliposema nahitaji kipimo kikubwa na upasuaji. Gharama aliyoitaja ilikuwa zaidi ya bei ya ng'ombe wote wa baba yangu. Timu ilisema itanipigia simu. Msimu ukaisha. Kipa mwingine akasajiliwa, akapewa kitanda changu.

Nilirudi nyumbani kwa basi la usiku. Wale waliowahi kurudi kijijini wameshindwa wanajua kwamba safari si ngumu kama hatua za kutoka stejini hadi kwenu, kwa sababu kila mtu anakusalimia. "Kipa wetu, umekuja likizo?" Nikajibu ndiyo kwa kila mmoja. Baba alinitazama nikichechemea kuvuka ua, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu. Kesho tutauangalia huo mguu." Hakuuliza habari za pesa wala za yule ndama. Afadhali angeuliza.

Miaka iliyofuata siipendi, lakini ushuhuda bila sehemu hiyo haukamiliki. Bakoki wangu, wale tuliotahiriwa nao msimu mmoja, walikuwa wameshaoa na kujenga. Mimi nilikuwa na mchumba ambaye mahari yake nilikuwa nimeahidi kuilipa kwa mpira. Wazee wa upande wao walikuja, wakakaa chini ya mwembe, wakauliza kwa heshima ng'ombe wako wapi. Nilishindwa kulima kwa jembe kwa sababu goti lilikuwa likichomoka kwenye matuta. Nilishindwa bodaboda kwa sababu sikuweza kuikanyaga ardhi kwa mguu wa kushoto baiskeli ikiyumba. Jumapili kanisani, pale Friends, niliketi nyuma kabisa ili nisisimame na kukaa mara kwa mara. Niliomba Mungu aniponye goti. Halikupona. Msichana yule akaja kwetu hata hivyo, bila ng'ombe, akawaambia wazazi wake watangoja. Ndiye mama watoto wangu hadi leo, na ng'ombe wamelipwa, ingawa walichelewa sana.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye zahanati ya misheni. Muuguzi pale alikuwa mama wa makamo, mikono yake migumu. Aliligeuza goti langu kulia na kushoto, akauvuta mguu mbele, akauachilia. Kisha akaniambia: "Kijana wangu, sitakudanganya. Utatembea vizuri, utalima, utacheza na wanao. Kudaka kwenye ligi, sahau." Nililia mbele yake. Tangu nimeumia, ndiye mtu wa kwanza aliyenipa jibu. Akajaza mchanga kwenye mfuko wa sukari wa kilo mbili, akaufunga kwenye kifundo changu, akanikalisha kitini. Nyoosha mguu polepole, hesabu hadi kumi, teremsha. Asubuhi na jioni. Alinieleza kwamba misuli ya paja ikiwa na nguvu husaidia kulituliza goti ambalo kano yake imekatika. Nilifanya hivyo mpaka mama watoto akawa anaukimbia ule mfuko kwa kuuchoka. Goti likaacha kuchomoka.

Nilipoweza kusimama usiku kucha, nikapata kazi ya ulinzi Kitale, kwenye ghala la mahindi la mtu binafsi. Wanaojua Kitale wanajua jinsi malori yanavyojipanga baada ya mavuno, na jinsi mlinzi anavyotakiwa kuhesabu magunia yanayoingia na kutoka. Vijana wa pale walinitania: "Kipa amepata goli jipya." Sikukasirika. Ilikuwa kweli. Nilikuwa na rungu, tochi, koti la mvua, na redio ndogo ya betri.

Ni kwenye redio hiyo, mwaka 2003, nilipoisikia habari iliyonigeuza. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa imeiondoa Zamalek ya Misri kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Zamalek ndio walikuwa wanalishikilia kombe. Simba walishinda 1-0 nyumbani, wakafungwa 1-0 kule Cairo, na mambo yakaishia kwenye penalti mbele ya maelfu ya Wamisri. Juma Kaseja alikuwa langoni. Christopher Alex alipiga penalti ya mwisho ikaingia, Simba wakashinda 3-2 kwa mikwaju na kuingia hatua ya makundi. Mtangazaji akasema kocha wa Simba ni Mkenya, James Siang'a.

Niliketi juu ya gunia. Siang'a nilimjua. Kila mtoto wa Bungoma aliyewahi kuwekwa golini aliambiwa habari zake. Alikuwa kipa. Mtu wa Bungoma aliyekwenda kudaka Gor Mahia, timu ya Wajaluo, wakati sisi Waluhya wote tulitarajiwa kupiga kelele upande wa timu ya Abaluhya, na mashabiki wa Gor wakampenda. Alikuwa kwenye kikosi cha Kenya kilichokwenda Yaoundé mwaka 1972, mara ya kwanza kwa nchi yetu kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 2-1 na wenyeji Kameruni, tukatoka sare ya 1-1 na Mali, tukatoka sare ya 1-1 na Togo, tukarudi nyumbani. Baada ya hapo yeye naye alizeeka kama wachezaji wote. Magoti yake, mikono yake, vyote vilifika mwisho. Lakini mwaka 1999 na 2000 alikuwa kocha wa timu yetu ya taifa, Harambee Stars, akaifundisha pia Taifa Stars ya Tanzania, na sasa alikuwa Cairo amesimama kando ya uwanja, zaidi ya miaka 30 baada ya Yaoundé, akiwaona wachezaji wake wakimtoa bingwa wa Afrika. Simba walipangwa kundi moja na Enyimba ya Nigeria, ambayo ndiyo iliyochukua kombe mwaka huo, na Ismaily ya Misri, na ASEC ya Ivory Coast. Hawakutolewa wakiwa vibonde.

Usiku ule nilijiuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Siang'a alikuwa ameenda Cairo na nini? Miguu? Hapana. Alienda na kile alichokiona miaka yote akiwa langoni. Kipa ndiye mchezaji pekee ambaye mchezo mzima uko mbele ya uso wake. Anaona beki wa kushoto anavyosahau kurudi, anaona kiungo anavyochoka dakika ya 70, na anapaza sauti ili wapangike. Hiyo ni kazi ya kocha, tofauti ni kwamba kipa huifanya akiwa amevaa glavu. Goti langu lilikuwa limekufa. Macho yangu hayakuwa na kasoro yoyote.

Sikuacha kazi asubuhi yake. Vijana, sikilizeni hapa: mwenye mke na mtoto haachi kazi kwa sababu ya redio. Niliendelea kulinda magunia usiku, na siku za mapumziko nikarudi Kimilili, nikaenda kwenye uwanja wa shule ya msingi nikiwa na daftari. Uwanja wenyewe una mteremko, goli moja liko juu kuliko jingine. Nilikuta vijana wa kijiji wanacheza, nikasimama nyuma ya goli la chini nikiangalia kipa wao akifungwa mabao yaleyale. Mwisho nikamwita.

Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa akisimama kwenye mstari akingoja. Maneno hayakumwingia, basi nikaomba kamba mbili za kufungia ng'ombe. Nikafunga moja kwenye mlingoti wa kulia, nyingine kwenye mlingoti wa kushoto, nikazivuta zote hadi mahali mpira ulipokuwa, nikazikutanisha pale. Zikafanya pembetatu. Nikamwambia asimame katikati ya zile kamba, kwenye mstari wa goli, anyooshe mikono. Kila upande palibaki nafasi ya kupitisha ng'ombe. Nikamwambia apige hatua mbele. Nafasi ikapungua. Hatua nyingine, ikapungua tena, hadi akazigusa kamba zote mbili kwa vidole. Akanigeukia macho yamemtoka. "Kocha, kumbe goli linaweza kupunguzwa!" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita kocha. Nikamwonyesha na hatari yake: ukisogea mno, wanakupitishia juu. Tukafanya mpaka jua likazama.

Wavulana wakaongezeka. Kuruka ardhini kulikuwa tatizo, maana uwanja ni mgumu wakati wa kiangazi na mama zao walikuwa wakilalamika kuhusu viwiko vilivyochubuka. Tukachukua magunia makuukuu, tukayajaza maganda makavu ya mahindi, tukayashona midomo, tukayapanga pembeni ya goli. Hapo ndipo makipa wangu walipojifunza kuanguka kwa ubavu, si kwa kiwiko. Kwa kuwa siwezi kuruka niwaonyeshe, nilimtumia kijana mmoja aonyeshe mwenzake, mimi nikisema nini kimekosewa. Wapo waliocheka kwamba huyu ni kocha gani asiyeweza kudaka. Wakacheka mpaka timu ya kijiji ilipoanza kumaliza mechi bila kufungwa.

Pesa hapakuwa. Miaka kadhaa mama watoto ndiye aliyetulisha kwa kibanda chake cha mitumba sokoni Kimilili, na wazazi wengine walikuja kuniuliza kwa nini nawapotezea watoto wao muda wa kuchunga. Jioni moja nilimwambia mke wangu kwamba nafikiria kuacha. Alikuwa akikunja suruali za kesho. Akasema, "Baba watoto, ukiacha utafanya nini Jumamosi? Utakaa hapa unikasirikie?" Tukacheka, na sikuacha. Chama chake cha akina mama ndicho kilichonikopesha ada ya kozi ya ukocha. Nikafanya ya kwanza, miaka ikapita, nikapata leseni ya CAF ya daraja la D, kisha C. Wenzangu darasani walikuwa na kompyuta, mimi nilikuwa na daftari zangu za nyuma ya goli, na mkufunzi akaomba azipitie.

Katika kozi hizo ndipo niliposikia habari za Jock Stein wa Uskoti. Alichimba makaa ya mawe kabla ya kuishi kwa mpira. Akiwa nahodha wa Celtic aliumia kifundo cha mguu, akalazimika kustaafu mwaka 1957, akapewa timu ya akiba aifundishe. Miaka 10 baadaye, Lisbon, Celtic ikiwa chini yake iliifunga Inter Milan 2-1 na kuwa timu ya kwanza kutoka Uingereza kuchukua Kombe la Ulaya, na wachezaji wake wote walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao. Nilipiga mstari chini ya hilo. Maili 30 kutoka Kimilili unapata Bungoma mjini, Webuye, Chwele, Kitale. Nikasema basi hatuna sababu ya kulia kwamba vipaji viko mbali.

Sasa bodi ya shule moja ya sekondari imeniajiri kufundisha makipa, wavulana na wasichana. Msichana mmoja aliyeanzia kwenye magunia yetu alichukuliwa na shule upande wa Kitale kwa sababu ya kudaka kwake, akasoma bila baba yake kuuza shamba. Machi 2020 korona ilipofunga shule na viwanja, mshahara ulikatika kabisa, na nikaona ile hali ya zamani inabisha hodi tena. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa na ng'ombe wa maziwa, nusu ekari ya mahindi, na mke mwenye kibanda. Hatukulala njaa. Jioni nilikuwa nikiwatumia makipa wangu mazoezi kwa simu, na yule mfuko wa mchanga ukarudi kazini, safari hii kwenye vifundo vyao.

Nawaambia habari za ng'ombe na ekari kwa makusudi. Septemba 2016 Siang'a alifariki nyumbani Bungoma baada ya kuugua kwa muda mrefu. Miaka mitatu baadaye, Julai 2019, tukampoteza Joe Kadenge, yule ambaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimtangaza hadi "Kadenge na mpira" ikawa msemo wa nchi nzima. Kadenge naye alicheza, akawa kocha wa Harambee Stars mwaka 2002, na uzeeni akaendesha teksi Nairobi. Kuendesha teksi si aibu. Lakini nilipoyatafakari maisha ya wazee hao wawili, nilielewa kwamba makofi ya uwanjani hayanunui dawa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siang'a alicheza kwao, na usiku wake mkubwa wa ukocha akaupata ugenini, akiwa na timu ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mimi sikungoja kutunzwa. Nachangia akiba ya uzeeni ya NSSF kwa hiari yangu, nalipa bima ya afya ya SHA, na kila kijana anayepita mikononi mwangu namlazimisha ajifunze kitu cha pili, awe fundi, mkulima au mwalimu. Akisajiliwa na timu yoyote namwambia aulize swali moja kabla ya kutia sahihi: nikiumia, nani atalipa? Ajibiwe kwa maandishi.

Goti langu halijapona, na sijaacha kumshukuru Mungu. Niliomba mguu, nikapewa kazi. Kulingana na akili yangu ya miaka 23, hilo lingekuwa jibu la dhihaka. Leo naliona kuwa jibu. Siwezi kuahidi kwamba kila aliyeumia atakuwa kocha. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba miaka uliyocheza haikupotea. Mtu aliyekaa benchi ameona mchezo, beki amejifunza kupanga wenzake, nahodha amejifunza kusema na watu waliokasirika. Hayo hayakatiki na kano. Tafuta mtu akwambie ukweli kuhusu mguu wako, kama yule muuguzi alivyoniambia, kisha uulize ni nini ulichobaki nacho.

Na kama wewe ni kipa, goti limekukataa, na unaishi karibu na Kimilili, njoo uwanjani Jumamosi asubuhi. Nina vijana wengi kuliko ninavyoweza kuwaangalia peke yangu, na kamba ya pili inahitaji mtu wa kuishika.